Kinga Mwilini

Ugonjwa wangu ulianza na kwikwi. Msicheke. Ilikuwa kwikwi iliyokataa maji, ikakataa sukari, ikakataa hata kushtuliwa. Wateja walikuja dukani kuchukua sare za watoto wakanikuta narukaruka kwenye kiti cha cherehani, wakaniuliza nimekula nini cha wizi. Nami nikawajibu ovyo, maana mdomo wangu haujui kunyamaza.

Kwikwi ikafuatwa na kutapika. Halafu jicho la kulia likaanza kuuma kila nikiligeuza, na asubuhi moja nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikailaani sindano. Nikawalaani watu wa stima. Kumbe balbu ilikuwa inawaka vizuri, ni mimi niliyekuwa nazimika.

Hapa Machakos nilizungushwa mpaka nikachoka. Daktari huyu aliniambia ni vidonda vya tumbo, yule akasema ni taifodi, jirani akaniambia nitafute mtu wa kuniombea kwa sababu kuna mkono wa mtu. Miguu ilipoanza kufa ganzi, na kiuno kukazwa kama kwa mshipi usioonekana, ndipo nikapata daktari aliyejua. Alisema ni ugonjwa wa nadra. Askari wa mwili wangu wanaopaswa kupigana na magonjwa wamegeuka, wanapiga neva za macho na uti wa mgongo. Nilielewa hivi: mlinzi wa lango anampiga rungu mwenye nyumba.

"Kwani mimi nimewakosea nini?" nilimuuliza. Alicheka kidogo, kisha akaniambia hakuna anayejua, na ndiyo maana kuna watafiti.

Watafiti hao walikuwa na vyumba viwili nyuma ya kliniki moja hapa mjini. Walitafuta wagonjwa kama mimi wa kujitolea kujaribu dawa ya kuwatuliza hao askari. Hawakuahidi chochote. Huenda dawa ingesaidia, huenda isisaidie. Walitafuta pia watu wazima, wasio na ugonjwa wowote, watoe damu ilinganishwe na yetu. Kulikuwa na sharti moja lililonikaa rohoni: mwenye virusi vya UKIMWI hangeingizwa kwenye utafiti huo, kwa sababu hiyo dawa inashusha nguvu za mwili za kujilinda.

Niseme ukweli, niliitaka ile dawa kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimebaki na jicho moja la kushonea. Likienda hilo, ningekaa kwa kiti nikingoja kushikwa mkono kupelekwa choo. Mimi! Mimi ambaye nikitembea sokoni watu hunipisha.

Mume wangu alikuwa hajawahi kuingia na mimi kwa daktari hata siku moja. Yeye ni mtu wa mahindi. Hununua Matuu, huuza hapa, na kila nikipangiwa kuonwa na daktari lori lilikuwa na shida fulani. Nilipomwomba ajitolee kama mtu mzima, atoe tu damu kidogo, alisema anaogopa sindano. Nilimcheka. Mwanamume anayebeba gunia mgongoni, anaogopa sindano!

Siku ya kupimwa ili niingizwe kwenye utafiti, ilibidi aje. Watafiti walitaka mtu wa nyumbani aelezwe dalili za kuangalia. Alivaa koti la kanisani, nikamtania njia nzima kwamba amevaa kuja kuniposa tena.

Daktari wa utafiti alikuwa msichana mdogo kutoka Pwani. Alisema sheria inamtaka aeleze kila kitu kwa lugha tunayoielewa, kwa hivyo atatumia Kiswahili. Alitumia Kiswahili kweli, kile cha kwao, kilichonyooka. Sisi huku Kiswahili chetu kimechanganyika na Kikamba, na mambo ya hospitali tunayasema kwa Kizungu. Mimi nilikuwa nimeshaelezwa mara kadhaa, nikafuata bila shida. Lakini neno "kinga", mtu wa huku amelisikia kwa jambo moja tu, redioni na kwenye kuta za zahanati: UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini.

"Ugonjwa wa mama hapa ni ugonjwa wa kinga mwilini," daktari akasema. "Leo tutampima damu, na tutampima virusi vya UKIMWI pia. Mnaelewa?"

Nilisema naelewa. Mume wangu alishika mkono wangu, akamwomba daktari dakika moja, akanitoa nje mpaka kwenye benchi la veranda.

"Mama watoto," akasema, "nisamehe. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi nimekuletea. Ni yule mama wa Matuu."

Nilimtazama. Haki ya Mungu, sikuwa na habari anaongea juu ya nini. Nikamuuliza mama gani wa Matuu, naye akaanza kulia, akasema yule aliyekuwa akinitumia maembe, yule niliyemshonea rinda la harusi ya binti yake.

Rinda lile nalikumbuka. Kitambaa cha zambarau, mikono mirefu. Mwenyewe hakuja dukani kupimwa. Vipimo aliniletea mume wangu, akanitajia bila karatasi, kifua, kiuno, nyonga, nami nikaandika. Hakuna mteja anayejua vipimo vyake hivyo, hata mimi fundi vyangu nimevisahau. Rinda lilimkaa yule mama bila kurekebishwa hata mshono mmoja, na mimi nikajisifu wiki nzima kwamba mkono wangu ni dhahabu.

Ngai! Mungu wangu! Nilitaka kumpiga kofi lakini mkono haukuinuka, na sijui kama ni ugonjwa au ni mshtuko.

Aliendelea, kama mtu aliyefunguliwa mfereji. Yule mama alikuwa amefariki. Watu wa Matuu walisema amekufa kwa ule ugonjwa. Tangu azikwe, mume wangu alikuwa akiogopa kupimwa, akaogopa kuniambia, na miguu yangu ilipoanza kufa ganzi akajua ni hiyo imefika. Ndiyo sababu hakuwahi kuingia kwa daktari. Ndiyo hiyo sindano aliyokuwa akiiogopa.

Ningeweza kumwambia pale pale kwamba amesikia vibaya, kwamba ugonjwa alioutaja daktari sio ule. Sikumwambia. Ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa jibu, ulikuwa umekauka. Yeye alikosea neno tu. Yule mama hakuwa kosa la neno, na kama watu wa Matuu walisema kweli, basi nilikuwa na magonjwa mawili, na dawa ya jicho langu ilikuwa imefungiwa mlango na mume wangu mwenyewe.

"Nyamaza," nikamwambia. "Futa uso. Turudi ndani."

Muuguzi alinidunga kidole. Tulingoja kile kidude cha kupimia kiseme, sisi wote tumekikodolea macho mezani, mimi na langu moja. Nilikuwa na hasira, nikaogopa, nikarudi kwa hasira. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Mstari mmoja," muuguzi akasema. "Huna virusi, mama. Unaweza kuingia kwenye utafiti."

Kabla sijavuta pumzi, mume wangu alishasimama na mikono juu.

"Asante Yesu! Nimepona!"

Alisema nimepona. Hakusema umepona, wala tumepona. Mimi niko pale kwa kiti, jicho moja giza, miguu haisikii viatu, na anayeshukuru kwa kupona ni yeye. Daktari alimtazama, akanitazama mimi, akainama na kujifanya anatafuta kalamu. Mume wangu akaniambia twende tukatafute chai na chapati.

Hapo ulimi wangu ukarudi.

"Sister," nikamwambia muuguzi, "kidole kilichopimwa ni changu. Huyu bado. Na mlisema mnatafuta watu wazima wa kujitolea."

Mikono yake ilishuka polepole. Muuguzi alimwambia si lazima, hakuna anayeshurutishwa, anaweza kwenda nyumbani na hakuna atakayemlaumu. Daktari akatoka naye wakaongea peke yao kwenye benchi lile lile, na nadhani ndipo alipoelezwa ugonjwa wangu ni nini hasa. Aliporudi alikuwa amevua koti. Akaketi, akanyoosha kidole, na kila sindano ilipokaribia akakivuta, hadi muuguzi akashindwa kukidunga. Basi nikamshika mkono. Sijui kama nilimshika asiogope au nilimshika asitoroke.

Yeye pia hakupatikana na virusi. Safari hii hakuinua mikono.

Bado sijamsamehe, na wanaoniuliza kanisani mbona nimepunguza maneno nawaambia ni dawa. Jicho la kushoto lingali linaona. Kila mwezi tunakwenda wote wawili, mimi kuwekewa dawa na kutolewa damu ya mgonjwa, yeye kutolewa damu ya kulinganisha. Yule muuguzi hataki kuita watu kwa majina mbele ya wengine. Hufungua mlango akaita, "Mzima aingie kwanza." Mume wangu huinuka, halafu hunigeukia, akasimama pale kwanza mpaka nimpe ishara aende.