Kahawa Inaashiria Nini

Mwalimu mwenzangu anatafuna buni za kahawa zilizokaushwa kwa moshi tukisahihisha mitihani hapa Bukoba, na ile harufu inanirudisha Kamachumu, nilikokulia.

Nilikuwa nimeketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni sebuleni, nikichambua tamthiliya ya shuleni ambamo maadui wawili wanatafuna kahawa pamoja. Baba aliingia, akakuta ndizi za chakula bado hazijaiva, akampiga mama kwa mpini wa jembe. Mama aliangukia daftari langu. Baba aliendelea kumpiga palepale chini, hadi mdomo ukapasuka.

Asubuhi baba mkubwa alikuja kuwapatanisha, akapitisha kikapu cha kahawa kama ilivyo desturi.

“Tafuna, shemeji,” alimwambia mama. “Ukitafuna, yameisha.”

Mama alitafuna. Maganda aliyotema yalikuwa na damu.

Wiki hiyo mwalimu alituuliza kahawa katika tamthiliya ile inaashiria nini. Niliandika: mwanamke anyamaze. Alinichapa viboko vinne mbele ya darasa, akasema jibu ni amani.

Swali ni lilelile leo. Binti mmoja ameandika amani, akaikata, akaandika: kumziba mama mdomo.

Mwongozo wa kusahihishia unasema amani. Namwekea kosa, nafungua ukurasa unaofuata.