Maji ya Mgeni

Masolwa hakuwa mtu wa maneno. Kwenye mikutano ya kitongoji cha Ipuluma alikaa nyuma kabisa, kule zinakoegeshwa baiskeli, na akiulizwa jambo alitazama vidole vyake vya miguu. Ndiyo maana watu walipigwa na butwaa siku aliposimama mbele ya mbunge, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, mke wangu mgongo umekufa. Daktari amemkataza kubeba ndoo. Sasa hiki kisima tunachoahidiwa, tukitegemee lini?"

Watu walicheka. Mbunge hakucheka. Aliandika kwenye karatasi, akasema, "Mzee wangu, nitaliuliza bungeni."

Ipuluma ilikunywa maji ya lambo lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Apolinaria, mkewe, alikwea tuta la lambo hilo kila alfajiri. Baada ya hospitali alijaribu kupunguza, akahamia kidumu kidogo, lakini kidumu kidogo maana yake ni safari mbili. Masolwa alipochukua baiskeli akateke mwenyewe, nyumba ilikosa mtu wa kupalilia tumbaku. Walizunguka hapo hapo.

Kuanzia siku ile Masolwa akawa mtu wa redio, akifuatilia Bunge. Amon, msaidizi wa mbunge, naye alimpigia simu mara kwa mara, na kwa simu hizo Masolwa akajifunza mambo ya Dodoma. Kumbe swali haliulizwi tu kwa kunyoosha mkono. Linaandikwa, linapelekwa wizarani, wizara inauliza huku chini, na huku chini ndiko jibu linakotoka. Kule juu linasomwa tu.

"Kwa hiyo atakuja mtu kuangalia," Amon alimwambia. "Mwonyesheni hali halisi, mzee. Hapo ndipo penye swali lenyewe."

Habari za ujio wa huyo mtu zilifika siku moja kabla. Masolwa alimwita mkewe.

"Kesho tuna mgeni wa serikali. Nenda mpaka kule Kipalapala, tafuta ndoo moja ya maji ya bomba."

Apolinaria alimtazama. "Ya nini? Si umpe ya lambo ayaone?"

"Nimkaribishe mgeni kwa matope? Mimi?"

"Anakuja kuangalia matope hayo hayo, baba Elieth."

"Atayaona. Lakini kwanza anywe."

Ndivyo alivyolelewa. Wazee wa Ipuluma waliishi kando ya njia ya misafara, na mpagazi aliyefika na mzigo begani alipewa maji kabla ya kuulizwa jina. Na shida ya nyumbani haisemwi mgeni akiwa ameketi. Husemwa wakati wa kumsindikiza, pale njia panda, taratibu, ili asione kama anafukuzwa na kilio.

Apolinaria akaenda. Alirudi amejishika kiuno, ndoo kichwani.

Mgeni alikuwa dada mmoja mpole aitwaye Julieth, ameletwa na bodaboda. Alikunywa glasi mbili, akasifu. Akatoa fomu.

"Haya maji mnapata wapi, baba?"

"Tunapata tu, mama. Ongeza kidogo."

"Yanatosha?"

"Mungu anasaidia."

Aliandika. Akaomba sahihi ya mwenyeji, na Masolwa akaweka jina lake pale alipoonyeshwa kwa kidole. Moyoni alikuwa anapanga maneno ya njia panda: lambo, mgongo, saa nzima. Aliyapanga vizuri. Lakini simu ya dada ikaita, akainuka, akasema ana vijiji vingine viwili, akapanda bodaboda. Pikipiki haisindikizwi. Masolwa alikimbia hatua kumi hivi, mkono juu, akala vumbi.

"Umemwambia?" Apolinaria aliuliza.

Akatazama vidole vya miguu.

Siku ya swali watu walijaa uani kwake, redio juu ya kinu kilichopinduliwa. Mbunge aliuliza vizuri kabisa, jina la Ipuluma likatajwa, akina mama wakapiga vigelegele. Kisha Naibu Waziri akasimama.

"Mheshimiwa Spika, naomba kumjulisha Mheshimiwa Mbunge kwamba wataalamu wetu wamefika Ipuluma, na kwa uthibitisho wa wananchi wenyewe, eneo hilo linapata maji safi na ya kutosha."

Vigelegele vilikatika. Ikabaki nafasi ya swali la nyongeza. Masolwa aliinamia redio kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mbunge alishukuru kwa majibu mazuri, akauliza kuhusu barabara ya kata nyingine.

"Loo!" alisema Bundala, jirani yao. "Masolwa, umetupeleka Dodoma ukaturudisha na kiu! Tuonyeshe hilo bomba, bwana, au unaogea peke yako?"

Wachache walicheka. Wengine waliondoka bila kuaga, na hilo ndilo lililomuuma.

Alimpigia Amon. "Aulize tena. Mimi nilikosea. Nitasema."

"Mzee, swali likishajibiwa limejibiwa. Fomu ina sahihi yako. Na Bunge hili karibu linavunjwa, tunaingia uchaguzi. Labda atakayekuja."

"Atakayekuja ni nani?"

"Sasa hilo, mzee wangu, nani anajua?"

Uani alibaki peke yake. Apolinaria alitoka ndani na glasi ile ile aliyonywea mgeni, imejaa maji ya lambo, rangi ya chai ya maziwa. Akaiweka mbele yake kwa mikono miwili, akapiga goti kwa shida, kama anavyofanyiwa mtu aliyetoka mbali.

"Karibu, mgeni wangu. Kunywa kwanza."

Masolwa akanywa yote. Chini ya glasi ulibaki mchanga. Alipoinua macho, mkewe alikuwa ameshachukua kidumu, anashuka njia ya lambo, mkono mmoja kiunoni.