Video za Ndoa Ndani ya Flash ya Kliniki

Leo hata kukaa siwezi, natembea-tembea tu kwa haya. Niko informaticien, fundi wa kompyuta, wa kliniki moja hapa Bunia. Asubuhi sauvegarde, ile kopi ya akiba ya fishi za wagonjwa, ilikataa kuenea kwenye flash yangu, kwani ilijaa video za ndoa ya dada yangu. Kufuta? Hapana. Nikapandisha compression mpaka mwisho, data ijikunje. Ordinateur ikachoka, fishi zikagoma kufunguka, mustari wa wagonjwa ukafika inje. Nikazunguka nikisema, "Mutuvumilie, ni connexion ya internet." Wote wakaitika, Bunia tumezoea.

Mama Directrice, mukubwa wa kliniki, akainamia mashini. "Fishi ziko humu ndani, connexion inaingia wapi? Na hii flash iko na nini?" Akafungua.

Ekrani ikanionyesha mbele ya wote nikicheza kwenye ile ndoa, kitenge cha mama yangu kiunoni. Muzee mumoja kwenye mustari akapiga makofi: "Mungu asifiwe, connexion imerudi!"