Mate Meupe ya Mwinjuma

Saa sita ya usiku ilimkuta Mashavu bado yuko kwenye benchi la saruji, macho kayakaza kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Ulikuwa mlango wa mbao, wa kufunguka pande mbili, umepakwa rangi ya kijani iliyochubuka pale vitanda vya magurudumu vilipozoea kuugonga. Mumewe, Mwinjuma, aliingizwa humo saa nne kasorobo. Tangu hapo mlango ulikuwa umefunguliwa mara mbili tu, na mara zote mbili alitoka mhudumu mwenye ndoo, akapita bila kumtazama mtu. Mashavu alichungulia ndani ya ndoo zote mbili, kisha akatamani asingechungulia.

Ncha ya pili ya benchi, nafasi ya watu wanne kutoka kwake, alikaa Jabiri. Huyu ndiye aliyempiga Mwinjuma teke. Ndiye pia rafiki yake wa tangu ujana, na ndiye aliyempakata garini njia nzima kutoka Kwaluguru hadi Korogwe. Mashavu hakuwa amemtolea neno tangu waondoke kijijini.

Ugomvi haukuwepo. Wangekuwa wamegombana, Mashavu angejua wapi pa kuweka hasira yake. Ulikuwa mchezo wa harusini.

Mchezo huo ulikuwa na asili yake hapo hapo Korogwe. Mashavu alizaliwa Old Korogwe, karibu na mto, na alipomaliza darasa la saba mama yake alimpa ungo wa karanga akamwelekeza kwenye ghala la Mzee Abdulhussein. Mzee huyo, Mhindi wa hapo hapo mjini, aliuza vitambaa mchana, na jioni ghala la nyuma ya duka likageuka banda la video: televisheni moja, deki moja, mabenchi tisa, na jenereta iliyounguruma nje kama inayokufa. Muuza karanga hakulipa kiingilio. Kwa miaka mitatu Mashavu aliona kila mkanda ulioingia pale, na mingine aliiona mpaka akaijua kwa moyo.

Ilikuwa mikanda ya mapigano ya Kichina, ya zamani hata kwa wakati ule, rangi zimepauka, michirizi inawapita watu usoni. Lugha hakuna aliyeijua. Jabiri, wakati huo kijana mwenye sauti ya mwadhini, alisimama kando ya televisheni akawatafsiria watu. Kichina hakukijua. Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha alikisoma nusu, nusu akajazia mwenyewe, na ile aliyojazia ndiyo iliyowanogea watu.

Mashavu aliipenda mikanda ile kwa jambo moja. Mtoto wa maskini anapigwa, anadharauliwa, anapanda mlimani kwa mzee mkali ili afundishwe kupigana, na mzee hamfundishi kitu. Anamtuma maji. Mwaka mzima ni maji, madumu mawili kwenye mti begani, ngazi juu, ngazi chini. Kisha siku moja mtoto anagundua kwamba mwili wake umeshajifunza. Hakuna bunduki mle, wala tajiri wa kumnunua hakimu. Ni mtu na mikono yake miwili. Wakata mkonge waliokaa kwenye mabenchi yale walitoka nje wakitembea kifua mbele, na kesho yake walirudi shambani na viganja vilevile vilivyochanika.

Kasoro nazo aliziona, maana Mashavu tangu mdogo jicho lake halikulala. Maadui kumi wanamzunguka steringi, shujaa wa mkanda, halafu wanangoja zamu kama wako kisimani. Ngumi inalia kabla haijafika. Aliyekufa mwanzoni anarudi baadaye na ndevu za kubandika. Akisema hivyo kwa sauti, mabenchi yote yalimgeukia: wewe uza karanga. Ni mmoja tu aliyecheka, kijana wa Kwaluguru aliyeleta mahindi mjini kwa baiskeli. Alinunua karanga za kikombe kimoja, akamwinamia na kumuuliza, "Na huyo mwenye kofia, si tulishamzika?"

Huyo ndiye Mwinjuma. Walioana, na hawakuacha kubishana kuhusu maiti zile maisha yao yote.

Mashavu alihamia Kwaluguru, akalima, akazaa wanne. Katika mimba zote nne hakuchota maji. Mwinjuma alichonga mti, akaning'iniza madumu mawili, akaenda kisimani yeye, mbele ya wanawake. Wanaume walimcheka kwamba kaolewa. Yeye aliwajibu kuwa ni mazoezi, na kwa kuwa waliwahi kuiona mikanda ileile, hawakuwa na la kuongeza. Kwa hiyo Mashavu, hata alipokuja kuichoka, hakuweza kuitukana mikanda ile moja kwa moja. Mtu mwema aliyempata, nusu yake ilitoka ghalani kwa Abdulhussein.

Mchezo wenyewe Mwinjuma na Jabiri waliucheza harusini kwa miaka ishirini na sita. Kila hatua ilikuwa imepangwa. Mwinjuma alifunga khanga iliyokunjwa mara nane chini ya shati, ubavu wa kushoto. Teke la mwisho la Jabiri lilitua juu ya khanga, likalia paa, Mwinjuma akaruka nyuma, akaanguka, akalala. Watoto wakapiga kelele. Kisha akaamka polepole, akajifuta vumbi, akamchapa Jabiri mpaka akakimbia. Harusi isiyokuwa na mchezo huo ilisemwa imepooza.

Jumamosi hii alikuwa anaoa mpwa wao. Mwinjuma alikuwa ametoka kwenye malaria wiki tatu tu nyuma. Mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya. Mashavu alimwomba asicheze. Mwinjuma akasema bwana harusi ataona kabaguliwa. Na Jabiri, miaka hamsini na miwili, mguu wake haukuenda tena ulikoagizwa. Kisigino kiliikosa khanga, kikatua chini tu ya mbavu. Mashavu alisimama karibu, na kilichomshtua ni kwamba hakusikia paa. Sauti ilikuwa ndogo, nzito, kama gunia lililotuliwa chini taratibu.

Mwinjuma alianguka, akaamka, akamalizia mchezo. Watu wakashangilia.

Mashavu alimfuata nyuma ya jiko, akamkuta kashika ukuta. Akamwambia waende zahanati. Mwinjuma akatabasamu, akatema mate kwenye kiganja na kumwonyesha. "Tazama mwenyewe. Meupe."

Asiyekaa kwenye banda lile asingeelewa, lakini Mashavu alielewa mara moja. Katika mikanda yote, mtu akiumia ndani, damu humchuruzika pembeni mwa mdomo. Ndiyo alama. Jabiri aliwaeleza hivyo kwa sauti yake ya mwadhini mara mia: ikitoka hapa, ujue kaumia ndani, isipotoka, bado ni mzima. Na jambo lililokuwa likimla Mashavu sasa, hapa kwenye benchi, ni hili: yeye aliyeona ndevu za kubandika, yeye aliyecheka maiti wanaofufuka, aliyatazama mate yale na moyo wake ukatulia. Alirudi kupakua pilau. Ilikuwa saa kumi alasiri.

Giza lilipoingia alimtafuta, akamkuta kalala kwenye mkeka chumbani kwa kaka yake. Mwinjuma akasema bega la kushoto linamuuma, labda aliliangukia. Mashavu akakumbuka vizuri: aliangukia kulia. Akamshika nyayo, zilikuwa baridi kama mtungi. Akamvuta chini kope la jicho, kama anavyowapima mbuzi wake, akaona ndani peupe kama nyama ya nazi.

Hapo akamkumbuka mbuzi wa jirani yao, Hiza. Mbuzi yule alipigwa pembe na fahali, akaanguka, akasimama, akala majani mpaka jioni. Mdomoni hakutoka tone. Asubuhi walimkuta kakakamaa, na Hiza alipompasua, tumbo zima lilikuwa damu.

"Inuka," Mashavu alisema. "Tunakwenda hospitali."

"Nimekuonyesha mate, mama Hajira."

"Mbuzi wa Hiza naye hakutema kitu."

Mwinjuma alinyoosha mkono ili ainuliwe. Hakuweza kusimama mwenyewe.

Gari lililokuwepo ni Noah iliyomleta bwana harusi, na hakuna aliyekumbuka kuitoa mapambo. Ilikwenda Korogwe na utepe wa waridi ukipigapiga kioo. Mlinzi wa getini alicheka, akamuuliza dereva kama bibi harusi kazimia kwa furaha. Kisha akamulika tochi ndani, akakimbilia kufungua bila kuuliza tena.

Daktari, kijana wa umri wa watoto wake, alimwamkia, akambonyeza Mwinjuma tumbo, akauliza kama aliugua malaria karibuni. Alipoambiwa ndiyo, akatikisa kichwa. Alieleza kwa maneno mepesi kwamba malaria ilikuwa imelivimbisha bandama, na bandama lililovimba hupasuka kwa pigo ambalo mtu mwingine angelisahau. Inabidi wampasue sasa hivi, na inahitajika damu. Kisha akauliza alipigwa saa ngapi. Mashavu akasema saa kumi. Kalamu ya daktari ilisimama kidogo kabla ya kuandika. Mashavu alikiona kisimamo kile. Akapewa karatasi, akaweka sahihi yake kwa herufi kubwa za darasa la saba, na akauliza swali moja, kama atapona. Daktari alisema watajitahidi, mama, ila amechelewa.

Neno hilo alikaa nalo. Binti yake Hajira alipiga simu kutoka Tanga kila nusu saa, na kila mara Mashavu alimjibu kwamba bado, lala, mwanangu, akijua wazi kwamba hakuna anayelala.

Sasa ilikuwa imekaribia saa saba. Jabiri, aliyekuwa ametolewa damu chupa moja na bado amekunja kiwiko juu ya pamba, alikohoa.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Steringi hafi."

Mashavu aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza. "Usiniletee hayo, Jabiri. Humu si ghalani kwa Abdulhussein."

Jabiri aliinama. Kisha akasema kwamba alilenga khanga kama siku zote, mguu ndio uliomsaliti, na kwamba alijua palepale ulipotua kwamba pale si khanga. Alingoja Mwinjuma atoe damu mdomoni. Haikutoka. Akashukuru Mungu, akaenda kula.

"Habari ya damu mdomoni," Mashavu akamuuliza, "uliisoma wapi? Iliandikwa?"

"Haikuandikwa. Niliwaona wenyewe wakitoka damu, nikawaelezeni."

"Na isipotoka ni mzima? Hilo nalo uliliona?"

Jabiri aliitazama pamba kiwikoni. "Hilo nilijazia."

Mashavu alitaka kumrukia. Mikono yake ilikuwa tayari imekunjika ndani ya khanga. Lakini alipomtazama aliona mzee aliyechoka, shati la harusi limelowa jasho, na akajua kwamba swali alilomuuliza Jabiri anapaswa kuulizwa pia yeye, maana naye aliyatazama mate na kwenda kupakua pilau. Akasogea nafasi mbili. Hakumsamehe. Alisogea tu, ili wasubiri karibu.

Akawaza kwamba katika mikanda ile yote, miaka mitatu ya mikanda, hakuwahi kuona hata mara moja mke aliyekaa nje ya mlango. Mtu akipigwa, picha ilikatwa, na mara unamwona yuko mlimani anafanya mazoezi, jeraha limeshapona. Waliomuuguza hawakuonyeshwa. Saa kama hizi zilikatwa zote.

Ndani, kitu cha chuma kilianguka sakafuni. Jabiri alianza kusoma dua, akakosea, akarudia mwanzo. Nyayo zilisikika upande wa pili wa mlango, zikaja, zikasimama, zikarudi. Mashavu alisimama. Akashika ukuta, akabaki amesimama hivyo.

Nyayo zikaja tena, safari hii za watu zaidi ya mmoja, pamoja na mlio wa magurudumu.

Mlango ukafunguka pande zote mbili. Nesi Grasiana, yule aliyemtoa Jabiri damu, alitoka kinyumenyume akivuta kitanda, mgongo wake mpana umeziba kila kitu. Mashavu aliona shuka, akaona nyayo mbili chini ya shuka, uso hakuuona. Akasogea upande mmoja, akasogea wa pili. Grasiana akageuka ili kitanda kipite, na hapo juu ya bega lake, mkono wa kulia ukiwa umeinuliwa, Mashavu akaiona chupa ya maji na mrija wake, na maji yalikuwa bado yanadondoka, tone, kisha tone. Maiti hatundikiwi maji.