Kamba Niliyomsukia Yaya

Baba yangu alikuwa msuka kamba wa Nyangwe. Mitumbwi iliyovusha watu na pembe za ndovu kwenye mto Lualaba ilifungwa kwa kamba zake, na zilikuwapo nyingine alizoagizwa na wenye misafara ya watumwa, ambazo kazi yake tuliijua sote na nyumbani hatukuitaja. Hakupata mtoto wa kiume, basi ufundi wake nikaurithi mimi. Nikiwa bado msichana mdogo, nilijua kuunga kamba bila fundo: unafumua nyuzi tatu za kila ncha, unazikutanisha, kisha unapenyeza kila uzi chini ya mwenzake, tena na tena, mpaka mahali palipoungwa pasitambulikane.

Kamba ya shingo alinifundisha mwisho, tulipokwisha kuhamia Kasongo. Wanawake wa mjini walivaa funguo za masanduku na ghala shingoni, nao walitaka kamba nzuri ya pamba.

"Hii si kamba ya mutumbwi," baba aliniambia. "Ya mutumbwi isikatike. Ya shingo iko lazima ikatike, mwanangu. Ikinaswa mahali, imwachie mutu."

Kwa hiyo nyuma ya shingo hatukuunga ncha kwa ncha. Kila ncha tuliikunja ikawa kitanzi, na vitanzi viwili tukavishikanisha kwa uzi mwembamba wa mgomba, unaobeba ufunguo lakini haustahimili mvuto. Kabla kamba haijatoka nyumbani, baba aliivuta kwa mkono mmoja. Isipokatika, alinirudishia.

Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya kama tunavyoitana kwetu, aliolewa Kabambare na mfanyabiashara mwenye ghala la mpunga na nguo. Yaya alikuwa na sauti. Harusini wanawake walinyamaza ili aanze yeye, na mtu aliye mtoni aliweza kujua kwamba kule juu yaya anaimba.

Mwaka mmoja nilikwenda kukaa kwake msimu mzima. Nilimkuta na huzuni. Kamba niliyompelekea zamani ilikatika alipoinama kuteka maji, ufunguo ukazama, na mumewe akamsema mbele ya wageni.

"Nisukie nyingine," alisema. "Lakini hii isikatike. Sitaki kusemwa tena."

"Baba alisema iwe na mahali pa kukatikia."

"Baba yuko Kasongo. Wewe ndiye fundi hapa."

Neno hilo la fundi lilinipendeza mno, nakiri. Nilisuka kwa siku mbili, nyuzi tatu zilizobanwa sawasawa, nikaziunga ncha kwa ncha vizuri kiasi kwamba mimi mwenyewe nilipapasa bila kupaona. Uzi wa mgomba sikuutia. Yaya aliivuta kwa mikono miwili, akacheka, akaivaa. Baba alipotuma mtu kutuuliza hali, na kuuliza kama kamba ya yaya niliifunga alivyonifundisha, nilimjibu kwamba ndiyo.

Haukupita mwezi, msafara ukafika asubuhi kutoka upande wa Ujiji, na punda wanne wamebeba mizigo. Yaya alitoka uani kukagua magunia. Aliinama chini ya mzigo wa punda mmoja kutazama kama nguo zimelowa, na alipoinuka, kamba ilikuwa imenasa kwenye kijiti cha tandiko. Nyuma yao mtu akaangusha sufuria. Punda akashtuka, akakimbia.

Nilikuwa kizingitini. Niliona miguu ya dada yangu ikiburuzwa vumbini, na mikono yake ikivuta ile kamba shingoni, ikivuta, na kamba haitoki. Punda alizunguka ua karibu wote kabla mchukuzi mmoja hajamshika na kuikata kamba kwa kisu. Mimi sikusogea. Nilisimama nikingoja ikatike, hali nikijua kwamba haikatiki.

Hakufa. Siku nyingi hakumeza ila uji mwepesi, nami nilimlisha kwa kijiko. Alama ya shingoni ilififia. Sauti haikurudi, kilichobaki kilikuwa mkwaruzo, kama wa mtu aliyeamka na mafua. Siku aliyoweza kusema maneno sita kwa mfululizo, aliyasema kwa kunifariji.

"Kamba yako ilikuwa nzuri, mdogo wangu."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala.

Baba alifariki akiamini kwamba uzi wa mgomba ulikuwapo, na kwamba ni yeye aliyekosea kuuchagua. Miaka yake ya mwisho alikuwa akivuta uzi mmoja mmoja dirishani, akitafuta ulio dhaifu zaidi. Ningeweza kumtua mzigo huo kwa maneno machache. Kila nilipokaribia kuyasema, nilimletea maji ya kunywa.

Yaya nilimweleza, baada ya matanga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye niliyekuomba," akasema.

"Uliomba kwa sababu hukujua. Mimi nilijua."

Alinishika mkono, lakini hakusema kwamba si kitu, nami nilikuwa nimesafiri kutoka Kasongo nikitumaini kulisikia hilo.

Wanawe walizaliwa baada ya siku ya punda. Anapowataka, hupiga makofi mawili mlangoni, nao huja mbio kutoka popote walipo. Hawajui kwamba mama yao aliwahi kuita kwa njia nyingine.