Makofi ya Kumpokea Kuli Wasike

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa mabwana, mabibi, maaskofu na askari kanzu, ya kwamba mwaka wa 1954, hapa Nakuru, Wasike wa Wabukusu alipata kazi. Kofia zivuliwe. Wenye machozi wayaandae. Kazi hiyo ilimla jino, ikampasua mbavu, ikamfunga jicho, na yote hayo kabla hajabeba hata gunia moja.

Kazi yenyewe ilikuwa ukuli, kupanga magunia ya ngano kwenye kinu cha unga kando ya reli. Nafasi ilipatikana kwa njia ya kawaida ya siku zile. Serikali ilikuja alfajiri na malori, ikawazoa makuli Wakikuyu kwa kuwashuku uasi, ikawapiga kwa vitako vya bunduki ili wapande haraka, ikaenda nao. Nyuma zilibaki kofia, kiatu chenye damu, na nafasi za kazi. Asubuhi hiyo hiyo mwenye kinu, Mzungu aliyeitwa Haggart, alilalamika sana. Ngano ilikuwa inachelewa.

Wasike alikuwa ametoroka Njoro. Huko alikamua ng'ombe wa setla mmoja, Mzungu mwenye shamba, aliyeamini kwamba maziwa hupungua kwa sababu mkamuaji hajachapwa vya kutosha. Alimchapa Wasike kiboko mpaka shati likashikana na mgongo. Maziwa hayakuongezeka. Setla akaenda kutafuta kiboko kinene zaidi, na Wasike naye akapitia dirishani.

Lakini mtu asiye na kazi Nakuru mwaka ule alikuwa nyama ya askari. Angeshikwa barabarani, apigwe, arudishwe kwa bwana wake, apigwe upya kwa niaba ya ng'ombe. Msako ulikuwa Jumamosi. Ilikuwa lazima aandikwe kazi kabla ya hapo.

Karani wa kinu, Hemed, alikuwa mtu wa mjini ambaye wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili alikisema kama anakitia sukari. "Ndugu yangu," alimwambia alipokwisha kusikia habari za Njoro, "mimi kukuandika si taabu. Taabu ni genge la makuli. Wakikukataa wao, mimi sikujui. Nenda ukaonane nao."

Genge lilikuwa na desturi yake. Magunia yalipandishwa kwa ubao mwembamba hadi juu ya lundo, makuli wakifuatana. Aliye mbele akitishika na kuachia gunia, linamshukia wa nyuma shingoni. Jambo hilo lilikwisha kutokea. Wa nyuma alikufa palepale, na yule aliyeachia gunia alipigwa mpaka akazikwa kando yake. Tangu hapo kila mgeni alipimwa: anapigwa bila sababu, mbele ya wote. Akirudisha ngumi, hata ovyo, wanacheka, wanampa chai, ni mtu wao. Asiporudisha hana roho, na ubao hapandi. Sheria ilikuwa moja tu. Mgeni haambiwi.

Mpimaji alikuwa Owino, Mjaluo mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala. Alimtazama Wasike chini mpaka juu, na bila salamu akamzaba kofi lililosikika stesheni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa Wabukusu, kijana anayekaribia kutahiriwa hupelekwa kwa mjomba wake. Mjomba humzaba kofi mbele ya watu, humwita mwoga, humpaka mavi ya tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa, na kazi ya kijana ni kusimama tu. Akipepesa jicho, ukoo mzima unaaibika. Wasike akapiga hesabu haraka: kofi, matusi, watu wamezunguka. Kumbe hata mjini kuna wajomba! Akakaza shingo, akatazama mbele, akatulia kama nguzo ya simu.

"Wewe Mkitosh," akasema Owino, akitumia jina ambalo watu waliwaita Wabukusu wakitaka ugomvi, "mamako alikuzaa ama alikutema?"

Wasike akazidi kukaza shingo.

"Si nasema na wewe, gunia la makapi!" Kofi lingine. Damu ikamtoka puani.

"Asante, mjomba," akasema Wasike.

Genge likatazamana.

"Amesema nini huyu?"

"Anashukuru."

"Anashukuru nini sasa?"

Owino akaona ametukanwa. Akampiga ngumi ya tumbo. Wasike akakunjika, akakunjuka, akatazama mbele. Akapigwa ya mdomo, jino likaruka likapotelea kwenye ngano, na bila shaka lilisagwa likaliwa na watu wa heshima.

Kesho yake walimpiga kwa kamba ya magunia iliyolowekwa majini. Walimwangusha, wakamkanyaga mbavu. Akainuka, akajipangusa vumbi, akasimama palepale kwa ustadi ambao ungewaliza wajomba zake wa kweli. Jicho moja lilikuwa limejifunga. Lile jingine halikupepesa. Owino alikuwa anahema kama ng'ombe wa plau.

"Huyu si bure," mmoja akanong'ona. "Mtu hapigwi hivi akanyamaza. Huyu amefundishwa."

"Kachero?"

Neno hilo likatosha. Siku zile mtu akiitwa kachero, wenzake hawakusubiri ushahidi.

"Kesho," akasema Owino, akikanda mkono wake uliovimba, "tunampandisha juu ya lundo, halafu tunamsukuma. Tutamwambia Haggart aliteleza."

Kesho ikafika, Ijumaa. Langoni pa kinu palikuwa na Truphosa, mama wa Kimaragoli aliyewauzia makuli uji. Wasike alikuja kunywa kabla ya kwenda kupokea sehemu yake ya siku. Alipoinama, damu ikadondoka kwenye sufuria.

"We! Unaniharibia uji!" Truphosa akamsukuma kwa mwiko. "Kila siku nakuona umesimama pale unapondwa kama mahindi. Unangoja nini?"

"Nangoja wajomba wamalize, mama."

"Wajomba gani?"

Akamweleza, kwa shida, maana midomo ilikuwa mikubwa kuliko maneno. Truphosa alicheka mpaka akashika lango asianguke.

"Baba yangu! Owino ni Mjaluo, kwao hakuna hata habari ya kisu cha tohara, atakuwaje mjomba wako? Wale wanangoja uwarudishie!"

"Niwapige?"

"Ndiyo!"

"Wote?"

"Mmoja anatosha, Mungu wangu! Na iwe sasa hivi. Nimewasikia hapa wakinywa. Wanataka kukusukuma kutoka juu, waseme uliteleza."

Wasike akatafakari. Akamaliza uji kwanza, kwa sababu alikuwa ameshaulipia, kisha akaingia ndani.

Genge lilikuwa limepanga mstari kuelekea kwenye lundo. Owino alisimama chini ya ubao. "Karibu, mpendwa wa mjomba," akasema, na akanyanyua mkono wa kofi.

Kofi halikufika. Wasike alirusha ngumi iliyobeba kila kitu: kiboko cha Njoro, kamba, mbavu, na aibu ya kumwita mjomba mtu asiyehusika. Ilitua tayani. Kitu kikalia *kwaak*. Owino akaenda kinyumenyume, akaung'oa ubao, gunia likashuka likapasuka, ngano ikamfunika mpaka kiunoni. Akabaki amekaa pale, damu ikimchuruzika kidevuni, akimtazama Wasike.

Halafu akaanza kucheka.

"Kumbe ni mtu!" akatema damu. "Shenzi wewe! Siku zote hizi unaniumiza mkono bure, si ungenipiga mapema!"

Genge likalipuka kwa vigelegele vya kiume. Waliotaka kumwua walimnyanyua begani, wakamkandamiza mbavu zilezile walizozikanyaga jana. Mmoja alileta chai. Mwingine aliapa kwamba yeye neno kachero hajawahi kulisikia maishani.

Hemed akatoka ofisini kwa mwendo wa kadhi, akanyoosha mkono watu wanyamaze.

"Ndugu yangu Wasike," akasema, "genge limeridhika, nami nimekwisha kukuandika. Kuanzia saa hii wewe ni kuli kamili. Kesho askari akikusimamisha, mwambie aje kwangu. Yule setla wako naye akakamue mwenyewe. Basi, bwana, gunia lako la kwanza lile pale. Lipandishe, wanaume wakuone!"

Watu wakapiga makofi. Wasike akalitazama gunia. Akautazama mkono wake wa kulia, ambao vidole vyake vilikuwa vimeelekea kila kimoja na upande wake.

"Siwezi," akasema. "Umevunjika."