Koti la Malaika

Simu ilinikuta mezani nikinywa chai, na aliyepiga hakuzunguka. "Mzee, suruali yako iko hapa kwangu, ukuje uichukue. Fundi ametuacha jana." Alikuwa mama anayekaanga samaki kando ya kibanda cha cherehani pale mtaani Obunga, na wasomaji wangu wa siku nyingi watanisamehe nikisema kwamba niliuliza kwanza kama suruali ilikuwa imeshapigwa pasi. Si ukatili, ni uchovu. Katika umri huu habari za msiba zinanijia kama bili ya maji: najua zitakuja, najua zitanikuta sina kitu, na bado nashtuka. Nilikuwa nimejiapiza kwamba safu hii sitaigeuza tena kuwa makaburi. Basi nivumilieni, kwa sababu marehemu huyu alikuwa na jambo lake, na jambo hilo limenikaa kooni tangu tulipotoka kumzika.

Alikuwa fundi wa nguo, mjane, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kazi yake ilikuwa sare za shule, na kufupisha suruali za wazee wanaopungua kimo kama mimi. Lakini ukimtaja kwa wauza samaki, kuanzia hapa Kisumu hadi Port Victoria, hawatakuambia habari za sare. Watakuambia habari za malaika. Fundi wangu alikuwa mtunzi. Hakuandika, kwa sababu alisema kalamu inamchelewesha. Aliiweka simu juu ya meza ya cherehani, akabonyeza, akasimulia huku anashona, kisha akaituma sauti hiyo kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa sokoni, nao wakaisambaza kwa dada zao, na dada zao kwa mawifi. Kwa hiyo hadithi zake zote zina mlio wa cherehani nyuma yake. Wasikilizaji walishazoea: cherehani ikienda, mambo ni ya kawaida; cherehani ikinyamaza, kaa vizuri, kuna mtu anashikwa mkono.

Hadithi iliyowateka wote ilikuwa hivi. Malaika mmoja alikuwa anapita juu ya ziwa kwa shughuli zake, akachoka, akashuka mahali alipodhani ni uwanja wa nyasi. Hazikuwa nyasi, yalikuwa magugu-maji. Mabawa yakanasa. Mjane mmoja aliyekwenda kuosha sufuria asubuhi akamwona akipapatika, akadhani ni korongo, akamvuta kwa kamba hadi ufukweni, na hapo ndipo alipoona kwamba ana miguu ya mtu, tena imechubuka. Akamkaushia mabawa kwenye moto wa kukaangia samaki. Tangu siku hiyo malaika akawa ananuka moshi na mafuta, na huko alikotoka wenzake wakaanza kumwuliza maswali. Mimi nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza, nikiwa nimesimama kibandani na suruali mkononi. Nikamwambia, "Mama, malaika wa kunuka samaki?" Hakuinua hata uso. "Na wewe Mzee, wale wa kunuka marashi uliwaona wapi?"

Mchungaji wake hakucheka. Jumapili moja alisimama akahubiri kwamba malaika hawaoi wala hawaolewi, na kwamba kuna mama fulani anayewajaza wenzake mapepo kupitia simu. Akakieleza kisa kizima ili kukikemea, tangu magugu hadi kile kilichotokea katika sehemu ya Alhamisi iliyopita, asiruke hata kitu, mpaka akina mama wakaanza kutazamana kwenye mabenchi. Baada ya ibada, mke wa mchungaji akamvuta fundi kando. "Hiyo ya jana ilinipita, simu iliisha moto," akamwambia. "Nitumie, lakini isipite kwa ile namba ya nyumbani." Fundi alinisimulia hayo huku anapima kiuno changu, na sijui kama amewahi kufurahi kuliko siku ile.

Nilimwuliza pia, kwa sababu nilitaka kujua, kwa nini mapenzi yake yote yalikuwa ya viumbe. Leo malaika, juzi jini wa kwenye kisima, siku nyingine pepo aliyejificha katika redio mbovu. Je, wanaume wameisha Kisumu? Akaing'ata sindano kwanza, kisha akaitoa mdomoni. "Wanaume wako, Mzee. Lakini huyu wangu hajawahi kuniuliza shamba langu liko upande gani."

Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda chake. Mume wake alifariki zamani, na nyumba yao ya udongo huko nyumbani, mbele kidogo ya Bondo, ikaanguka kwa mvua. Fundi alitaka kitu kimoja tu katika maisha yake, nyumba ya vyumba viwili mahali palepale, aache kupanga, arudi kwao azeekee pale. Mabati alikuwa nayo. Alikuwa ameyanunua mojamoja, na kwa kukosa mahali pa kuyaweka akayafanya kuta za kibanda chake, kwa hiyo tuliopimwa nguo pale tulikuwa tumesimama ndani ya nyumba yake bila kujua. Tatizo halikuwa mabati. Kwa mila ya Wajaluo, mjane haanzi nyumba. Nguzo ya kwanza lazima isimamishwe na mwanamume aliyemrithi, anayeitwa jater. Fundi hakutaka kurithiwa. Alisema yeye ni mtu wa kanisa, alisema anaogopa magonjwa, na siku moja alisema wazi kwamba hajamaliza kumpenda yule aliyekufa.

Siku hizi familia nyingi zimelegeza kamba. Ndugu wa marehemu anatundika koti lake ndani ya nyumba ya mjane, wazee wanahesabu kwamba ameingia, anasimamisha nguzo, kisha anarudi kwa mke wake na mambo yameisha. Fundi aliomba hilo tu. Kila Desemba alipanda kwenda nyumbani kuliomba, na kila Januari alirudi kibandani. Shemeji yake, ndugu mdogo wa mumewe, alikuwa na jibu moja ambalo fundi alikuwa akiliigiza kwa sauti nzito: "Koti haizai. Koti hailimi. Unataka nyumba, chukua mtu." Wazee waliokaa pale walitazama chini, na kutazama chini kwa mzee ni kura.

Mwaka jana niliona koti jipya limening'inia nyuma ya cherehani. Lilikuwa la kijivu, la mwanamume, limeshonwa kwa mkono uliotulia, nikatamani liwe langu. Nikauliza ni la nani. "Ya malaika," akasema. Nikadhani ni utani wa kawaida, nikaligeuza. Mgongoni, penye mabega, lilikuwa na matundu mawili marefu yaliyopindwa ukingo kama vitundu vya vifungo. "Hapo ndipo mabawa yanatokea," akanieleza, kama anavyoeleza mfuko wa ndani. Katika hadithi yake malaika alikuwa amekwenda kumposa yule mjane, na wazee wa kule hadithini wakamwuliza kama ana koti la kutundika. Hakuwa nalo. Mjane akamshonea. Sasa fundi hakuweza kulisimulia koti bila kulishona kwanza, ndivyo alivyokuwa.

Jioni moja nilikuwa pale ulipopita ule upepo ambao watu wetu huuita nyawawa, roho zinazopita zikiita watu kwa majina. Obunga nzima ilitoka ikapiga sufuria na mabati ili ziende zikazame ziwani, na hata mimi niliyesoma nilijikuta nimeshika kifuniko. Fundi hakupiga kitu. Aliendelea kushona. Yule mama wa samaki akampigia kelele, "We fundi, piga hata hiyo mkasi!" Akajibu polepole kwamba wale ni watu waliokufa bila nyumba, wanatafuta pa kulala tu, na yeye hana uso wa kuwafukuza. Niliteremsha kifuniko changu nikaenda nyumbani.

Sehemu ya mwisho aliituma siku chache kabla ya kufa. Malaika amevaa koti, ameshika nguzo, shimo limeshachimbwa. Anajua kwamba akiisimamisha, mabawa yatakauka na atakuwa mtu, ataumwa mgongo, atakufa siku moja kama wengine. Asipoisimamisha, mwanamke atabaki nje. Cherehani ikanyamaza. Sokoni watu waliacha kugeuza samaki. Kisha ikasikika sauti ya fundi akikohoa, akasema, "Ngojeni nipumzike kidogo," basi. Hospitalini walisema ni moyo.

Sasa sikilizeni. Mwili wa mke aliyeolewa haupelekwi nyumbani ukalala uani. Ni lazima ulale ndani ya nyumba yake, ndipo uzikwe upande wake. Fundi hakuwa na nyumba. Kwa hiyo mabati yakang'olewa kutoka kibandani yakapakiwa kwenye lori pamoja na sufuria za matanga, na mimi nikatangulia na wale akina mama wa kundi lake siku moja kabla ya jeneza, nikijiambia kwamba naenda kuketi tu. Tulifika mafundi wakisubiri na mashimo yamechimbwa, lakini nguzo ya kwanza ilikuwa bado imelala chini, maana hakuna aliyemrithi marehemu. Wazee wakainamiana dakika chache. Kisha mmoja akasema, bila aibu yoyote, "Koti inatosha." Hakuna aliyepinga. Shemeji mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Mama wa samaki alinitazama na mimi nikamtazama, na nakiri kwamba nilikasirika, nikakaa kwenye jiwe.

Ikawa shemeji amekuja na shati tu, jua lilikuwa kali. "Koti iko wapi?" mzee akauliza, na wanaume wakaanza kutazamana mikono mitupu. Hapo mama wa samaki akafungua mkoba wake akatoa lile la kijivu. Baadaye aliniambia kwamba alilibeba ili lizikwe na mwenyewe. Akamnyooshea shemeji. Shemeji akalivaa ili liwe lake, likamkaa vizuri, akashukuru, kisha akageuka na kuinama kuishika nguzo.

Ndipo sote tuliotoka Kisumu tukaona yale matundu mawili mgongoni mwake, na shati jeupe likichungulia humo kila alipovuta pumzi. Nguzo ikapanda, ikasimama wima, ikaingia shimoni. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, kama anayewatumia habari waliobaki sokoni, "Ameisimamisha." Wakaanza kulia wote. Shemeji akadhani wanamlilia mke wa kaka yake kwa sababu ya heshima aliyompa, akajipangusa jasho, akawaambia poleni. Hakuna aliyemweleza. Sidhani kama mpaka leo anajua alikuwa amevaa nini.

Kabla ya magharibi paa lilikuwa juu. Mabati yale bado yalikuwa na alama za chaki alizoandikia vipimo vyetu, na nikakiona kiuno changu cha mwaka juzi juu ya dirisha. Koti likatundikwa kwenye msumari. Kesho yake fundi akaletwa, akalala chini ya koti hilo ndani ya nyumba yake, usiku mmoja, kisha tukamzika.

Watu wataniuliza kama hadithi zake zilikuwa na maana, na kama mama Mkristo anapaswa kupenda malaika. Kijaluo kinamwita mjane mke wa kaburi. Tumelitumia jina hilo kizazi baada ya kizazi, tukamwambia mwanamke mzima kwamba mumewe ni mtu asiyeonekana, kwamba atamjibu huyo, atamwogopa huyo, na watoto atakaowazaa na jater watahesabiwa kuwa wa huyo. Kisha akikaa kwenye cherehani akajitungia asiyeonekana wake mwenyewe, mwenye mikono ya kazi, tunamwombea atokwe na mapepo. Sina nguvu tena ya kubishana juu ya hilo. Nimebishana miaka mingi katika ukurasa huu na wajane wanaendelea kupanga vyumba.

Nitasema moja tu, kwa wale wenye shemeji mjane aliyeketi mahali fulani na mabati yake akingoja. Mtaniambia mila ni ngumu, wazee hawajakaa, mvua imekaribia, mafundi hawapatikani, koti halizai. Mimi nilikaa kwenye jiwe mbele ya Bondo nikaona. Wazee walikaa, mila ikalainika, mafundi wakapatikana, na nyumba ikasimama kwa siku moja. Kilichokosekana miaka yote ile ni maiti tu.